Tawakkul na Ufunguo wa Mlango



Kila usiku tunafunga kufuli kwa kuhofia mwizi, wala hakuna anayesema kufuli linapunguza tawakkul. Kwa nini basi, moto ukitajwa, tunakimbilia neno qadar? Nyumba moja ya Madina ilipoungua usiku na Mtume (s.a.w.) akaambiwa, alisema moto ni adui yetu, tuuzime tunapolala. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim.

Oktoba 2022 moto uliua watu 11 katika shule ya wasioona ya Salama, Mukono, wengi wao watoto. Hapa swali linakuwa la haki. Mtoto, bibi na mgonjwa hawachagui nondo za dirisha wala mahali pa kuweka ufunguo; tunawachagulia sisi. Hiyo ni amana, nayo tutaulizwa.

Vyumba vingi tunavyopanga Kampala vina mlango mmoja tu. Basi sigiri izimwe na itolewe nje, ufunguo ukae mahali panapofikika hata gizani, na ijulikane nani atambeba mtoto na wapi tutakutana. Tukishafanya hayo, tulale tukimtegemea Allah.