Mtoto Afundishwe Nini juu ya Bahati?

Mtoto akishinda mara tatu mfululizo katika mchezo, wenzake husema, "Ana dawa huyo." Wakubwa hucheka. Lakini neno hilo hukua pamoja na mtoto, na siku ya msiba atamtafuta mchawi.

Tieni katika chungu maharagwe sita yenye ukubwa mmoja, matano meupe na moja jekundu. Mtoto afumbe macho, atoe moja, wote walione. Kisha alirudishe, chungu kitikiswe. Kila mara achore alama ukutani kwa mkaa. Atauliza: jekundu limekwisha kutoka, litatokaje tena? Mwambieni kwamba haragwe halikumbuki yaliyopita, wala halijui mkono unaolishika. Nafasi yake ni ile ile, moja katika sita. Kulitoa mara tatu mfululizo ni nafasi moja katika 216. Ni jambo la nadra. Hata hivyo watoto wengi wakicheza mwezi mzima, yaelekea litampata mmoja wao, naye hana dawa yoyote. (Hata watu waliosoma sana hukosea hapa.)

Wengine husema kwamba kutaja bahati ni kumkana Mungu. Sivyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba maongozi ya Mungu hayaondoi bahati. Bwana akiwatuma watumishi wawili mahali pamoja, kila mmoja asijue habari za mwenziwe, kukutana kwao ni bahati machoni pao. Bwana alijua tangu mwanzo. Sisi tu watumishi hao. Hatukupewa kusoma nia ya Bwana katika kila tukio.

Tena, mnara wa Siloamu ulipowaangukia watu 18 na kuwaua, Yesu alikana kwamba walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu.

Katika nchi yetu ya Kongo watoto wengi wamefukuzwa nyumbani wakiitwa wachawi, kwa kuwa ugonjwa au kifo kiliingia katika jamaa. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, yakataza mashtaka hayo, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto humwadhibu mshtaki. Lakini hakimu yu mbali na kijiji, jirani yu karibu. Mtoto aliyezoea kuhesabu alama zake za mkaa ataweza kuwauliza wazee kwa adabu: katika kijiji hiki chenye homa, ni wangapi waliofiwa na mama zao, wala hawakuitwa wachawi?