Kiti Kilichoachwa Wazi

Wasomaji wetu, leo twapenda kulitazama jambo lionekanalo dogo: mjumbe wa kamati ya chama cha siasa akifa au akihama, kiti chake ni cha nani?

Twatoa mfano wa jimbo la New York, Marekani. Huko vyama vina kamati za kaunti, na wajumbe wake huchaguliwa na wanachama wa kila eneo dogo la kupigia kura. Sheria ya jimbo yasema kwamba nafasi ikiwa wazi, ama kwa kifo, ama kwa kuhama, ama kwa mjumbe kujiandikisha katika chama kingine, ama kwa kuwa hakuchaguliwa mtu, wajumbe waliobaki ndio watakaoijaza. Yule wamteuaye sharti awe mwanachama aliyeandikishwa, mwenye sifa za kuchaguliwa kutoka eneo lile.

Sheria hii ina busara yake. Kuitisha uchaguzi kwa kila mjumbe aliyehama ni taabu na gharama, na kamati isiyo na watu haiwezi kazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini yatupasa kuuliza kama ufa umezibwa kwa jiwe au kwa tope, maana mteule wa wachache huketi pamoja na wateule wa wengi. Tena kazi yao si ndogo: kiti cha bunge la jimbo kikiachwa kabla ya muda, na uchaguzi maalumu ukiitishwa, mgombea wa chama hutajwa na kamati, si kwa kura ya wanachama wote.

Hatusemi haya kwa kuwahukumu walio mbali. Sisi wenyewe tuliwahi kuwamo katika kamati ndogo ya kijiji, mwenzetu mmoja akafariki. Walitajwa watu wawili: mmoja mwenye kuuliza sana habari za fedha, na mwingine mpole, aitikiaye kila neno. Tukamchukua mpole, tukisema, "Twataka amani." Mwaka haukwisha, hesabu zikaharibika, wala hapakuwa na wa kutuuliza. Ndipo tulipotambua kwamba hatukutafuta amani, tulitafuta raha yetu.

Basi kiti kilichoachwa si mali ya waliobaki, bali ni amana ya wale aliowasemea aliyeondoka. Wenye kukijaza wasiulize, "Nani atatuunga mkono?" Waulize, "Watu wa mahali pale wangemtaka nani?" Jina litangazwe mapema, na muda ukiisha mteule aende kuomba kura kama wengine.

Hata hivyo lawama si ya viongozi peke yao. Viti vingine hukaa vitupu kwa sababu hakuna aliyejitokeza. Mwenye shamba asiyelima asishangae jirani akisogeza mpaka. Basi, ndugu, mkisikia kiti ki wazi kwenu, msingoje kuambiwa kimekwisha jazwa. Nendeni mkaulize.