Nasaha kwa Watumishi wa Injili Waishio Dar es Salaam

Nabii Yeremia alipowapelekea waraka mateka wa Yuda waliohamishiwa Babeli, hakuwaamuru waukimbie mji ule wala waulaani, bali aliwausia wajenge nyumba na kukaa humo, wapande bustani, waoe na kuozesha, na wauombee amani mji uleule uliowateka. Nasaha hizi nawaandikia vijana wetu, wainjilisti, mashemasi, viongozi wa kwaya na wazee wa kanisa, ambao Mungu amewaweka katika mji huu wa Dar es Salaam, mji ulioasisiwa na Sultani Majid bin Said katika miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima, na ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu zaidi ya milioni tano. Siandiki kwa sababu nimeombwa. Naandika kwa sababu kila Jumapili narudi nyumbani na jambo la kunung'unikia, na mke wangu amechoka kulisikia peke yake.

Ugonjwa mkubwa wa mtumishi wa mjini ni huu: anajulikana na watu wengi, naye hamjui mtu. Shambani, moshi usipofuka jikoni kwa Mama Fulani asubuhi mbili mfululizo, jirani huuliza, na mchungaji hupata habari kabla ya jua kutua. Hapa mtu hupanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba vinane, hutoka alfajiri na kurudi usiku, na anaweza kuugua homa siku nne nyuma ya mlango uliofungwa ilhali kanisa lake liko umbali wa hatua mia mbili, linaimba. Kwa hiyo jifunze milango kabla hujajifunza mimbari. Jua ni nani amepanga wapi, nani analinda ghala usiku na kulala mchana, na binti gani wa kazi za nyumbani haruhusiwi kutoka Jumapili hata mara moja kwa mwezi. Hao ndio kundi lako hasa. Wenye magari watakujulisha wenyewe majina yao.

Maaskofu Wakatoliki wa nchi zetu za Afrika Mashariki, walipokutana mwaka 1976, waliweka mkazo katika jumuiya ndogondogo za Kikristo, na sisi Walutheri tuna mikusanyiko yetu ya nyumba kwa nyumba. Na kusudi la haya yote, kwa kadiri nilivyolielewa, lilikuwa kwamba muumini wa mjini asipotee katika umati, bali awe na watu kumi au ishirini wanaolijua jina lake, kazi yake na taabu yake. Sasa njoo uketi katika baadhi ya jumuiya zetu. Wimbo mmoja huimbwa kwa haraka, somo husomwa na mtu asiyelisoma kabla, kisha daftari hufunguliwa, na tangu hapo hadi mwisho hatusikii neno jingine ila mchango: wa ujenzi, wa sare, wa harusi ya mtoto wa katibu, wa zawadi ya kumwaga kiongozi ambaye hata hajaondoka. Asiye na kitu hujifunza upesi kutofika, naye akishaacha kufika twasema amepoa kiroho. Laiti daftari lingefunguliwa baada ya kuulizana hali, na laiti siku moja kwa mwezi lingeachwa nyumbani kabisa!

Kumzuru mgonjwa ni kazi yenye adabu zake, na adabu hizo naona zimekufa, kwa hiyo mniwie radhi nizieleze kama kwa mtoto. Nenda saa ambayo hospitali imewapa jamaa nafasi, wala usimsumbue muuguzi kwa kudai kwamba mtumishi wa Mungu hana saa. Nenda wawili au watatu. Wodi si uwanja wa kwaya. Ukifika, msalimu mgonjwa, kisha wasalimu waliolala kushoto na kulia kwake, maana nao ni viumbe wa Mungu, na huenda hakuna aliyewajia tangu juzi. Usikae kitandani. Usiulize, “Unaumwa nini hasa?” mbele ya wageni, kama anataka kukwambia atakwambia. Ukibeba kitu, uji katika chupa ya chai hufaa kuliko maneno mengi. Omba kwa sauti ambayo yeye atasikia na wa kitanda cha tatu asisikie, uombe kwa ufupi, kisha uondoke kabla hajachoka kukuvumilia. Simu yako ibaki mfukoni. Nimeona picha za wagonjwa, midomo imekauka, shuka imeteleza, mtumishi amesimama pembeni na mkono kichwani mwao, akitazama lenzi badala ya kumtazama mgonjwa. Na picha hizo hupelekwa kwa watu mia tatu ili wajue kwamba mtumishi amezuru. Bwana wetu alipowaponya watu aliwakataza mara nyingi wasimtangaze. Wewe hujaponya, na tayari umetangaza!

Na hapa sauti yangu yabadilika, wala siombi radhi. Yeyote amwambiaye mgonjwa aache dawa ya shinikizo la damu, au ya kisukari, au zile za kufubaza virusi, ati kwa kuwa kumeza dawa ni upungufu wa imani, huyo amechukua dhamana ya roho ya mtu ambayo hakupewa na yeyote, mbinguni wala duniani. Luka aliyefuatana na Paulo alikuwa tabibu, na hatusomi popote kwamba Paulo alimtaka aache utabibu wake. Mchungaji akisikia mwinjilisti wake amesema neno hilo, amsimamishe siku hiyohiyo. Asingoje kikao.

Ukialikwa saa nne, fika saa nne.

Usikope kwa waumini wako.

Mahubiri marefu nayasema kwa upole, kwa kuwa nimewapenda wahubiri wengi walioyahubiri. Pale Troa, Paulo mwenyewe aliendelea kunena hata usiku wa manane, na kijana Eutiko aliyeketi dirishani akazidiwa na usingizi, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu, akaokotwa amekufa. Paulo alimwendea, akamkumbatia, na kijana akarudi hai. Maadamu huna karama ya sehemu ya pili ya habari hiyo, jihadhari na sehemu ya kwanza. Mtu aliyekuja ibada ya saa moja asubuhi amepanga kurudi kufungua genge lake saa tatu, na genge hilo ndilo lisomeshalo watoto wake. Na matangazo yasipite mahubiri kwa urefu. Katika usharika mmoja niliowahi kuuhudhuria, tulimaliza neno la Mungu kwa dakika ishirini na neno la mwenyekiti wa kamati ya ujenzi kwa arobaini.

Sasa makelele. Kanisa la Azania Front litazamalo bandari, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lililo jirani yake, yote mawili yalikamilika mwaka 1902, na vizazi viliitwa ibadani humo kwa kengele: kengele huita, kisha hunyamaza, ikamwachia mtu hiari ya kwenda au kutokwenda. Siku hizi kila chumba cha kukodi chenye viti thelathini kina spika mbili zielekezwazo nje, wala si ndani waliko hao thelathini, na mkesha wa Ijumaa huendelea hata majogoo. Nimeuliza sababu mara nyingi, na jibu ni lilelile, kwamba wenye dhambi wasikie. Haya, tuhesabu basi wasikiao. Ng'ambo ya ukuta yuko mwanamke aliyejifungua juzi. Yuko dereva wa daladala ambaye saa kumi na nusu alfajiri lazima ashike usukani na roho za watu nyuma yake. Yuko muuguzi aliyetoka zamu, na yuko mtoto mwenye mtihani kesho. Hakuna hata mmoja kati ya hao atakayetubu usiku huo. Watakachofanya ni kumlaani mhubiri kwa maneno ambayo wasingeyatumia kama angewaacha walale, na hivyo yeye aliyetaka kuwapunguzia dhambi amewazidishia.

Wengine hunijibu kwamba mabaa nayo yanapiga muziki usiku. Hoja gani hii! Tangu lini baa ikawa kipimo cha kanisa? Mwenye baa anauza pombe na hakuahidi mtu amani, ilhali wewe umeandika neno amani juu ya mlango wako kwa rangi nyekundu. Tena kuna maagizo ya Bwana wetu juu ya chumba cha ndani na mlango uliofungwa, ambayo sijaona spika inavyoweza kuyatii. Jirani akija kulalamika, mkaribishe, mpe kiti, punguza sauti mbele ya macho yake, na asubuhi yake uende ukamsalimu. Usimwambie kwamba ana pepo. Jirani yetu mmoja, mzee wa heshima, Mwislamu, aliambiwa hivyo mbele ya wajukuu zake, na mpaka leo nikikutana naye njiani nainamisha uso.

Katika mji huu twaishi na Waislamu ukuta kwa ukuta, twachota maji bomba moja, twazikana, twalishana. Usiihutubie dini ya mwenzio kwa dhihaka penye kipaza sauti, wala usijisifu kwamba umemshinda fulani kwa hoja sokoni. Mwezi wa Ramadhani usile njiani kwa makusudi ya kuonekana, na ukialikwa kufuturu, nenda. Atakayekuuliza kwa nini wewe ni Mkristo, mjibu kwa utulivu na staha. Asiyekuuliza, mwache aone mwenendo wako.

Mnada wa mazao baada ya ibada ni desturi njema kwa asili yake, kwa kuwa asiye na fedha huleta mayai au mkungu wa ndizi, na sadaka yake hupata thamani sawa na noti ya mwenzake. Lakini tazama ulivyogeuka. Kuku mmoja hununuliwa na bwana mkubwa kwa bei ya mbuzi, akarudishwa anadiwe tena, naye mnadi hulitaja jina la bwana huyo mara saba na kumwombea makofi, huku ajuza aliyemleta kuku huyo amesimama juani pembeni na hakuna aliyemwambia ahsante. Yakobo alikwisha kutuonya juu ya mwenye pete ya dhahabu apewaye kiti kizuri na maskini aambiwaye asimame. Mnadi na aanze kwa kumshukuru aliyeleta, ndipo amwendee anunuaye. Na viti vya mbele visiandikwe majina, isipokuwa vya wazee wasioona vizuri na mama wajawazito.

Juu ya wauzao mafuta, maji, vitambaa na udongo wa baraka, nina maneno machache kwa sababu ghadhabu hunikatiza. Mji wa Efeso ulikuwa na Demetrio, mfua fedha, aliyetengeneza vijumba vya Artemi na kuwapatia mafundi faida isiyo haba, naye aliposikia mahubiri ya Paulo alifanya ghasia kwa sababu aliona biashara yaharibika. Leo Injili ingehubiriwa kwa ukamilifu katika baadhi ya mahema yetu, mwenye kufanya ghasia angekuwa mchungaji mwenyewe. Gehazi alimkimbilia Naamani ili apate talanta ya fedha na mavazi kwa uponyaji ambao bwana wake Elisha aliutoa bure, akarudi na ukoma. Basi.

Nguo za mtumishi ziwe safi, zisiwe gumzo.

Jambo la maziko nimelichelewesha kwa sababu lanichoma. Hufa mpangaji, hana ndugu mjini. Jamaa zake wa mbali hawana nauli ya kuja wala fedha za kusafirisha mwili kwao. Wapangaji wenzake, Wakristo na wasio Wakristo, wanachangishana, wanakwenda kanisani kuomba mtumishi wa kumzika, na karani anafungua daftari la ahadi, anapitisha kidole, anasema marehemu ana deni la miezi kumi na nane. Enyi wazee wa kanisa, mnamdai nani? Yeye mwenyewe hasikii. Mnawadai wale maskini walioacha vibarua vyao siku mbili kwa ajili ya mtu asiye ndugu yao, na mnawafundisha, hasa wale wa dini nyingine, kwamba kwetu sisi rehema hutolewa kwa stakabadhi. Daftari la ahadi lisifunguliwe siku ya msiba. Kama marehemu alipoa katika imani, tuulizane kwanza nani alimtembelea katika miezi hiyo kumi na nane. Na kama hakuna, tuvae viatu tukamzike, twende na kwaya, hata kama ni watu sita, na mzee wa kanisa ashike chepe mwenyewe.

Mwisho nawageukia washarika, maana haya yote nimeyamwaga juu ya watumishi kana kwamba wao peke yao ndio wenye kasoro. Mwinjilisti apandaye daladala tatu kwenda kumzuru mgonjwa, ambaye posho yake imecheleweshwa tangu Pasaka na mwenye nyumba amekwisha kumpa notisi, hawezi kuwa na uso mkunjufu kila siku, na mkimwona anamsogelea tajiri zaidi ya maskini, jiulizeni njaa yake ina sehemu gani katika jambo hilo. Paulo alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila, ni kweli, ila alichagua mwenyewe. Hakulazimishwa na kamati ya fedha. Kabla hamjanunua kinanda kipya, lipeni kodi ya nyumba ya mwinjilisti wenu, mlipe kwa mwaka mzima, na mumkabidhi risiti faraghani bila kuitangaza kanisani.