Maji ya Hidrojeni na Dhima ya Muuzaji

Mvua humwagika juu ya paa la tajiri na la maskini pasipo upendeleo. Atakaye kuyauza maji kwa bei kubwa hana budi kuyaongezea kitu, au kuyaongezea neno. Zama hizi pana maji ya hidrojeni, yauzwayo kwa chupa, vidonge na mitambo, yakisifiwa kwamba huondoa uchovu na huchelewesha uzee. Swali lake si la kiu bali la haki: je, ni halali kuuza tumaini ambalo ushahidi wake haujapevuka?

Haki huanza kwa kumsikiliza mshitakiwa. Mwaka 2007 wataalamu wa Japani walieleza katika jarida la Nature Medicine kwamba hewa ya hidrojeni, ilipovutwa na panya ambao damu ya ubongo wao ilikuwa imezuiwa, ilipunguza madhara. Jambo hilo lilikuwa na maana. Lakini panya si mtu, wala kuvuta hewa si kunywa maji. Katika hali ya kawaida lita moja ya maji hushika kiasi cha miligramu 1.6 tu za hidrojeni, nayo hutoroka upesi chupa ikifunguliwa. Tena vijidudu vya utumbo wa binadamu hutengeneza hewa hiyo hiyo bila malipo, hata waganga huipima katika pumzi ya mgonjwa wapate kujua hali ya tumbo lake. Majaribio kwa watu yapo, ila mengi ni ya watu wachache na muda mfupi. Yanatosha kuamsha uchunguzi. Hayatoshi kutangaza tiba.

Mtetezi atauliza: ikiwa hayadhuru, lawama ni ya nini? Katika miaka ya 1920 yaliuzwa Marekani maji ya radiamu, jina lake Radithor. Tajiri Eben Byers aliyanywa kwa miaka, taya lake likaoza, akafa mwaka 1932. Maji ya hidrojeni hayana sumu hiyo, na kuyafananisha kwa madhara ni dhuluma. Kinachofanana ni mwendo: neno la elimu hutwaliwa sokoni kabla elimu haijamaliza kusema.

Tena fedha iliyopotea ni dhara, na tiba iliyocheleweshwa ni dhara kubwa zaidi. Mtu mzima ana uhuru wa kununua apendacho, lakini uhuru uliojengwa juu ya habari nusu ni uhuru nusu. Mgonjwa hawezi kuupima mzani wa muuzaji. Mfa maji haachi kutapatapa. Kwa hiyo mzigo wa kuthibitisha ni wa anayesifu, si wa anayeumwa. Mwaka 2017 serikali ya Japani ilifuata kanuni hiyo ilipowachukulia hatua baadhi ya wauzaji kwa madai yasiyo na msingi wa kutosha.

Uchunguzi na uendelee, na ukileta ushahidi, sifa zitolewe bila choyo. Hadi siku hiyo, auzaye maji na aseme kuwa ni maji.