Tuanze na Shairi Lenyewe

Mwanafunzi anayepewa washairi wa Marekani wa karne ya 19 hupitishwa njia ileile: maisha ya mshairi, kisha maudhui, kisha fani. Fani huja mwisho, muda ukiwa umekwisha, nayo huishia kuwa orodha ya tamathali za semi. Naamini hapo tunapoteza kitu kikubwa. Utu wa mshairi huonekana zaidi katika namna anavyokata mshororo kuliko katika habari za nani alimpenda.

Mtazame Emily Dickinson. Maisha yake husimulika upesi: alizaliwa Amherst, Massachusetts, mwaka 1830, akafariki 1886 katika nyumba aliyozaliwa, na miaka yake ya baadaye alitoka nje kwa nadra, akivaa nguo nyeupe. Watu wameing'ang'ania hiyo nguo nyeupe. Kumbe chumbani mlikuwa na kazi: karibu mashairi 1,800, ambayo kati yake kumi hivi tu ndiyo yaliyochapwa akiwa hai, tena bila jina lake. Alipokufa, mdogo wake Lavinia alikuta vijitabu vipatavyo 40 ambavyo Emily alivishona mwenyewe kwa uzi.

Kwenye kurasa hizo, juu ya baadhi ya maneno, ameweka alama ndogo ya msalaba, na chini ya shairi akaandika maneno mengine yanayoweza kukaa mahali pale. Hapakuwa na mhariri aliyengoja mswada wake. Hata hivyo alilipima neno moja, akalipima tena, na mara nyingine akayaacha yote yasimame.

Mizani aliyoipenda ni ya nyimbo za kanisani: mshororo wa mizani 8, ukifuatwa na wa mizani 6. Sisi tuliokulia kwenye mizani na vina tunaisikia mara moja. Kisha tunashtuka, kwa sababu vina mara nyingi havitimii, vinakaribiana tu, na vistari virefu vinaikata pumzi njiani.

Thomas Wentworth Higginson na Mabel Loomis Todd, waliotoa kitabu cha kwanza cha mashairi yake mwaka 1890, waliona hizo ni kasoro. Wakanyoosha vina, wakapunguza vistari, wakabadili maneno, wakayapa mashairi vichwa. Higginson hakuwa mwoga. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani aliongoza kikosi cha wanajeshi weusi waliotoka utumwani. Lakini kina kisichotimia kilimshinda. Iligharimu miaka 65 hadi mhariri Thomas H. Johnson alipoyachapa yote karibu na Dickinson alivyoyaacha.

Jambo hili si dogo. Dickinson aliandika sana juu ya kifo na shaka ya imani. Alichukua mizani ya wimbo wa waumini, akakataa kuupa mlio wa uhakika ambao yeye hakuwa nao. Ukimnyooshea vina, umemsemesha uongo.

Paul Laurence Dunbar alionewa kwa njia nyingine. Alizaliwa Dayton, Ohio, mwaka 1872, wazazi wake wakiwa wamewahi kuwa watumwa. Alipokuwa mwendesha lifti aliwauzia abiria wake kitabu chake cha kwanza. Mwaka 1896 mhakiki mashuhuri William Dean Howells alimsifu, hasa kwa mashairi ya lahaja ya watu weusi, na tangu hapo wasomaji wengi wakataka lahaja tu. Yale ya Kiingereza sanifu, aliyotamani yasomwe, yakawekwa kando. Sifa nayo huweza kumziba mtu mdomo. Alifariki 1906, akiwa na miaka 33.

Mwalimu, gawa kwanza shairi, bila picha wala wasifu. Waache wanafunzi wahesabu mizani na waulize kwa nini kina kimepinda. Na kwa Dickinson, hakikisha wana toleo la Johnson au la baada yake, kwa sababu yale ya zamani yaliyonyooshwa bado yamejaa kwenye intaneti.