Mbao Huvuja

Kando ya hori la Takaungu mashua imelazwa ubavu. Fundi anaikalafati. Pamba, mafuta, patasi, nyundo. Pamba, mafuta, patasi, nyundo. Mbao huvuja. Ndivyo zilivyo, na hakuna azilaumuye.

Nasi huvuja. Mtoto hajaanza hata chuo, sukari imemganda mdomoni, anaapa kuwa ni paka. Nani kamfunza? Hakuna. Uongo tumezaliwa nao. Lakini nahodha asiyeziba chombo, akakwambia mbao ndivyo zilivyo, utasafiri naye? Mimi sipandi.

Tena uongo wa wakubwa hauzamishi mmoja. Mwaka 1837, wakuu wa ukoo wa Mazrui waliitwa Ngome ya Yesu, Mombasa, kama wageni. Wakakamatwa, wakapelekwa Bandar Abbas, Uajemi. Jamaa zao wakakimbia, wengine Gazi, wengine hapa Takaungu. Mwaliko ule haukuponyoka ulimini. Ulipangwa.

Leo utaulizwa uko wapi, nawe bado uko kitandani. Utaulizwa samaki ni wa lini. Kama ni wa jana, ndugu yangu, sema ni wa jana.