Jina Lililofutwa kwenye Hendauti

Tuseme lecha wa chuo fulani kati ya Kitale na Bungoma ameshusha kitabu cha baiolojia cha OpenStax kutoka intaneti. Kitabu ni bure. Ni kazi ya mradi wa Chuo Kikuu cha Rice, kule Texas, ulioanza kutoa vitabu mwaka 2012. Lecha anachagua sura tatu, anaondoa ukurasa wa mbele, anaweka jina lake, kisha anaacha nakala kwa mwenye mashine ya kopi mkabala na geti. Wanafunzi wanaambiwa: hendauti iko pale, shilingi 300, na CAT itatoka humo.

Je, ameiba? Wengi tutasema ndiyo, anauza kitu cha bure. Jibu hilo halisimami. Leseni ya kitabu hicho, ile ya Creative Commons inayodai tu mwandishi atajwe, inamruhusu yeyote kunakili, kubadilisha, kutafsiri, hata kuuza. (Si vyote: kitabu chao cha kalkulasi kinakataza biashara.) Karatasi si bure, wino si bure, na lecha wa muda anayengoja malipo ya muhula uliopita naye anakula. Akirudisha gharama zake na kubakiwa na nauli ya matatu, mimi sina neno.

Sharti ni hilo la jina, na nadhani tunalielewa vibaya. Tunaliona kama heshima kwa Mmarekani ambaye hatajua kamwe kilichotokea huku. Huyo hapotezi kitu. Anayepoteza ni binti wa Chwele aliyelipa mia tatu. Jina la mwandishi na leseni ndivyo vingemfikisha kwenye kitabu kizima: sura zilizobaki, maswali, picha za rangi. Vikifutwa, anabaki na kurasa arobaini na imani kwamba elimu hii ni mali ya lecha.

Wakulima wa Trans Nzoia wanalijua jambo hili. Tangu mahindi chotara ya H611 yatolewe Kitale mwaka 1964, mbegu ya dukani inazaa vizuri, ila ukipanda tena punje za shamba lako mavuno yanashuka. Msimu ujao unarudi dukani. Hayo ni maumbile ya chotara, hakuna wa kulaumiwa. Kitabu huria hupandwa tena na tena, ukamgawia na jirani, kisipungue. Anayefuta jina anakifanya chotara kwa makusudi.

Utasikia, "Lakini hawa watoto hata ukiwapa linki hawana bando." Wengine kweli hawana. Ila mmoja akishusha faili, jioni iko kwenye simu za hosteli nzima.

Kesi inayonitatiza ni nyingine. Yuko lecha anayefanya kazi kweli: anaondoa mifano ya mimea ya ugenini, anaweka mahindi ya Kiminini na miwa ya Bungoma, anaeleza kwa Kiswahili pale Kiingereza kinapokwama. Huyo ana haki ya kuweka jina lake kando ya lile la kwanza. Leseni yenyewe inamtaka aseme kwamba amefanya mabadiliko. Je, na yeye aiachie kazi yake huru? Leseni hiyo haimlazimishi. Mimi naona deni lipo, na si la Texas. Anamwia mwenzake aliye Kibabii, ambaye usiku huu anatafuta mfano wa mmea ambao wanafunzi wake wamewahi kuupalilia.